Mwenye taji la fedha hawezi kukufungia akaunti

Kaka wa Sinza, umeuliza kama msimamizi wa kujitolea aliyekunyamazisha jana kwenye RuneScape, ule mchezo wa mtandaoni, anaweza pia kukufungia akaunti au kuchukua vitu vyako. Hawezi. Mwenye taji la rangi ya fedha kando ya jina ni mchezaji tu kama wewe, ila amepewa uwezo wa kumziba mtu mdomo kwa muda na kupeleka ripoti. Kufungia akaunti ni uamuzi wa Jagex wenyewe, kampuni yenye mchezo, na waajiriwa wao huvaa taji la dhahabu. Akitokea "msimamizi" anayeomba nywila yako, huyo ni yule yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mpite.

Mipaka hii ina sababu nyingi, na moja huenda ni ya mahakamani. Mwaka 2000 huko Marekani, waliokuwa wakijitolea kuhudumia wachezaji wa Ultima Online, mchezo mwingine wa mtandaoni, waliishtaki kampuni ya mchezo huo wakidai mshahara: walipangiwa zamu na kusimamiwa kama wafanyakazi. Nadhani walikuwa na hoja. Ukishampangia mtu saa za kuingia, kujitolea kuko wapi?

Seva za watu binafsi, yaani mchezo unaoendeshwa na mtu mwenyewe badala ya kampuni, ni habari nyingine kabisa, huko mwenye seva akiamua rafiki yake akufute, umefutika.

Wewe piga picha ya skrini, kisha kata rufaa kwenye tovuti ya Jagex. Usibishane na huyo msimamizi humo ndani, atakuongezea muda wa kunyamazishwa.