Nina miaka 41 na bado namtazama Big Bird

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni kawaida mwanaume wa miaka 36 kukesha akitazama kipindi cha vikaragosi cha utotoni mwake, na umesema mkeo ameanza kukushangaa. Mimi nina 41. Juzi tu, watoto wamelala, nilikuwa sebuleni natazama Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani chenye vikaragosi, peke yangu. Ngoja nikujibu kwa kirefu, maana hili jambo ninalo moyoni siku nyingi.

Nilipokuwa mdogo, kati ya vikaragosi vya humo nilimpenda Big Bird kuliko wote. Ndege wa manjano, urefu futi 8 na inchi 2, lakini akili yake ya mtoto mdogo. Kila kitu anauliza. Mwenye duka la mtaani kwao aliitwa Mr. Hooper, na Big Bird hakuwahi kulishika hilo jina. Alikuwa akimwita Looper, mzee anamsahihisha, kesho yake anakosea tena. Na mzee hamchoki. Hilo ndilo lililonivuta, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa maswali kwenye nyumba ya watu waliochoka kujibu.

Nikiwa na miaka 7 babu yangu alifariki. Nikaambiwa amesafiri. Nilikuwa nimepata vyema zote kwenye hesabu, basi lile daftari nikaliweka chini ya godoro ili akirudi awe wa kwanza kuliona. Lilikaa pale mpaka kona zikajikunja. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia. Nilikuja kuelewa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kusikia wakubwa wakimtaja kuwa ni marehemu.

Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mtu mzima, nikakuta mtandaoni kile kipindi cha kifo cha Mr. Hooper. Will Lee, mwigizaji wake, alifariki Desemba 1982. Watengenezaji wangeweza kusema mzee amehama, au wakamweka mtu mwingine dukani. Waliamua kuwaambia watoto ukweli. Wakaomba ushauri kwa wataalamu wa saikolojia ya watoto, kisha wakakirusha tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ya Shukrani kule Marekani, ili mtoto atakayeuliza awe na mzazi pembeni yake.

Big Bird anakuja amechora picha za wakubwa wote wa mtaani. Anawagawia mmoja mmoja, wanacheka, wanamsifu. Mkononi inabaki moja. Ni ya Mr. Hooper, na anataka kumpelekea. Wanamkumbusha kwamba Mr. Hooper amekufa. Anasema sawa, basi atampa akirudi. Hapo ndipo anaposogelewa na kuambiwa taratibu kwamba mtu akifa harudi.

Mkuu, nilisimamisha video. Nililiona lile daftari chini ya godoro.

Wale waigizaji walimpoteza rafiki yao kweli, na machozi unayoyaona pale si ya kuigiza. Big Bird anauliza kwa nini iwe hivi, na hakuna anayemtungia hadithi. Jibu analopata ni kwamba ndivyo ilivyo, basi. Halafu anaitazama picha, anasema atamkosa sana Mr. Looper. Wanamsahihisha. Nadhani hakuna mwandishi ambaye angeweza kupata neno bora kuliko lile kosa la jina.

Baada ya hapo nilianza kufuatilia nani alikuwa ndani ya yule ndege. Ni Caroll Spinney, aliyemchezesha tangu 1969 hadi alipostaafu 2018. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu muda wote, ndani ya kichwa cha ndege, kidole kidogo kikivuta kope. Wa kushoto ulikuwa kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halikuwa na mkono. Lilifungwa kwa uzi wa kuvulia samaki uliounganishwa na la kushoto, hili likishuka lile linapanda. Nje alikuwa haoni. Alifunga kifuani televisheni ndogo, akijitazama humo kama sisi tunavyomtazama. Na zile picha za wakubwa alizichora yeye mwenyewe.

Kuna watu husema ukishajua namna kikaragosi kinavyochezeshwa, utamu unaisha. Kwangu ulianzia hapo. Kichwa kinapoinama kuitazama ile picha, sasa najua ni mkono wa mtu uliochoka, umenyooshwa gizani, na bado umemfikiria mtoto asiyemjua.

Kwa hiyo mkeo usimfiche, ndugu yangu. Usimpe maelezo marefu pia. Mkalishe, muoneshe kipindi kimoja tu, kile kilichokugusa wewe, kisha mwambie ulikuwa na umri gani na nyumbani kulikuwaje. Mimi wangu nilimuonesha hicho cha Mr. Hooper. Hakusema kitu, ila siku mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyewakalisha watoto akawaambia bibi amekufa, na kwamba hatarudi. Neno safari halikutajwa.

Ukitazama vipindi vya miaka iliyofuata, angalia nyuma ya Big Bird anapokuwa kwenye kiota chake. Ile picha ya Mr. Hooper waliitundika pale.