Mwalimu Anajibu: Tupikie hidrojeni ya sola?

SWALI: Mwalimu, nina paneli ya wati 300 juu ya paa, na gesi ya mtungi imenishinda bei. Kijana wangu ameona video ya mtu akitoa hidrojeni kwenye maji ya chumvi kwa umeme wa sola, akaiwasha. Tunaweza kuipikia? Na mbona serikali inaisifu hivi?
Mama mkulima, Gilgil

JIBU: Mama, mzuie kijana leo hii. Maji yakitiwa chumvi ya jikoni, waya mmoja hutoa hidrojeni na wa pili hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Hidrojeni nayo hushika moto ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na mchana mwali wake hauonekani vizuri. Maabara kwetu tunakusanya ya kujaza kijibomba kimoja cha kioo, tunakisogezea kijiti kinachowaka, inalia "pwa!", basi. Hakuna anayeiweka akiba.

Hata hesabu inakataa. Kilo moja ya hidrojeni hula lita 9 za maji na uniti zaidi ya 50 za umeme. Paneli yako, jua likiwaka vizuri saa tano, inakupa uniti moja na nusu kwa siku. Utangoja zaidi ya mwezi kupata kilo ambayo joto lake halifikii la kilo tatu za gesi ya mtungi, na isiposhindiliwa, tangi la lita 10,000 haliitoshi. Weka pesa kwenye betri na inveta nzuri, upikie sufuria ya presha ya umeme. Maharagwe yataiva.

Serikali inawaza mbolea, na hapo naiunga mkono kwa moyo wote. Mkakati wa hidrojeni ya kijani, yaani inayotolewa kwenye maji kwa umeme usiotokana na mafuta wala makaa, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023 umeitanguliza. Hidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani inakuwa amonia, mama wa mbolea ya CAN unayonyunyizia mahindi. Kwingi duniani hidrojeni hiyo hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, ndiyo maana vita vya Ukraine vya 2022 viliwafikia wakulima wetu shambani. Nasi usiku wa manane, watu wakilala, mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao ungezalisha umeme wa kutolea hidrojeni hiyo, huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi wa umeme. Inaniuma.

Ila tuangalie Kwekwe, Zimbabwe. Kiwanda cha mbolea cha huko kilitoa hidrojeni kwenye maji kwa umeme wa gridi kwa miongo kadhaa, kikaacha 2015 umeme ulipoadimika. Kwa hiyo wakija kwenu na mradi, waulizeni kwanza uniti moja watainunua shilingi ngapi, na kwa mkataba wa miaka mingapi.