Madabodi yenye NVIDIA kwa ThinkPad T430: itaharakisha video za harusi?

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mie nipo Wete, kazi yangu kupiga na kuhariri video za harusi. Natumia laptop ya ThinkPad T430 yenye grafiki za Intel HD 4000, RAM ni GB 4 kijiti kimoja, na diski ni ile ya kuzunguka. Nikitoa video ya saa moja, mashine inakesha. Kuna mtu Unguja ananiuzia madabodi (ubao mkuu wa mashine) ya T430 yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA NVS 5400M. Nikibadilisha, kazi itakwenda mbio? Na mbali ya madabodi, nahitaji nini?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Kuingia itaingia. Lenovo waliitoa T430 mwaka 2012 kwa aina mbili, yenye NVIDIA na isiyokuwa nayo, na prosesa yake haikuchomelewa, unaing'oa kwenye madabodi ya zamani ukaipachika kwenye mpya. Lakini kwa kazi yako ya harusi, nakusihi pesa hiyo usiitoe.

Sababu ni hii. Kinachokukesha ni kule kutoa video, yaani kuifunga kuwa faili la H.264, mfumo wa kubana video. HD 4000 uliyonayo ina sehemu iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, inaitwa Quick Sync, na Intel wameanza kuiweka kwenye prosesa zao tangu 2011. NVIDIA nao wanayo ya kwao, NVENC, ila ilianza na kizazi cha Kepler. NVS 5400M ni Fermi, kizazi cha nyuma yake, kwa hivyo haina. Utakuwa umenunua kadi isiyoweza kukusaidia pale hasa unapoumia. Juu ya hilo, NVIDIA waliacha kuiendeleza draiva (programu inayoiendesha kadi) ya Fermi mwaka 2018, na programu nyingi mpya za kuhariri zinaiona kadi hiyo na kuiacha ilipo. Kama unatumia programu ya zamani iliyozoea CUDA ya Fermi (njia ya NVIDIA ya kuipa kadi kazi za hesabu), utaona nafuu kwenye rangi na madoido. Michezo nayo itapata nafuu. Lakini wewe hukuniuliza michezo.

Basi fungua programu yako ya kuhariri, ingia kwenye mipangilio ya kutoa video, utafute Quick Sync au neno Intel. Watu wengi wanaiacha prosesa ibebe mzigo wote peke yake, kumbe msaidizi yupo amekaa. Kama programu yako haina chaguo hilo, badilisha programu kabla hujafikiria kubadilisha chombo.

Halafu njoo kwenye RAM, na hapa ndipo ningeanza kutia pesa. HD 4000 haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya mashine. Kwa kijiti kimoja, data zote zinapita njia moja. Ukitia kijiti cha pili, zinapata njia mbili kwa wakati mmoja, kama ghala la karafuu lililofunguliwa mlango wa pili siku ya kupakia. Grafiki zinapata nguvu hapo hapo bila ya kugusa madabodi. T430 inachukua RAM za laptop za aina ya DDR3, mpaka GB 16 kwa vijiti viwili vya GB 8. DDR4 haiingii, asikudanganye mtu. Hakikisha pia Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu ile ya biti 32 haitaiona RAM ya ziada. Diski ya kuzunguka itoe, tia SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7.

Sasa tuseme madabodi yako imekufa, na hiyo ya NVIDIA ndiyo iliyopatikana. Hapo sikukatazi, lakini usinunue madabodi peke yake. Niliwahi kuletewa T430 iliyobadilishwa hivyo, ikizima kila ikifanya kazi dakika chache. Mwenyewe alishanunua chaji mpya akidhani tatizo ni umeme. Nilipofungua, chipu ya NVIDIA ilikuwa tupu, inang'aa kama kioo, haina pesti ya kupitisha joto wala chuma kilichoigusa. Fundi alirudisha hitisinki (chuma cha kupozea) ile ile ya Intel, ambayo inafunika prosesa tu. Madabodi ya NVIDIA ina hitisinki yake, pana zaidi. Lazima upewe pamoja, na pesti mpya upake kwenye chipu zote mbili. Chaji nayo iwe ya wati 90, maana ile ya wati 65 ni ya mashine zisizo na kadi.

Usilipe kabla hujaiona ikiwaka na kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows. Madabodi nyingi za mitumba zimetoka maofisini huko nje zikiwa na nywila ya msimamizi, na kwenye ThinkPad nywila hiyo haifutiki kwa kung'oa betri ndogo. Windows nayo huenda ikadai leseni upya, kwa sababu leseni inafungwa kwenye madabodi.

Jambo la mwisho ni chumvi. Visiwa vyetu vina upepo wa bahari, na madabodi iliyokaa wazi dukani miezi kadhaa huota kutu ya kijani. Chukua tochi ya simu, mulika tundu la chaji, nafasi za RAM na kiungio cha waya wa skrini. Ukiona ukijani, iache. Ikiwa safi, muuzaji aitie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, juu yake sponji na boksi gumu, na atakayekuletea aishike mkononi ndani ya boti. Isilale chini ya mizigo kwenye deki, inakorushwa maji ya bahari.