Akili haitulii ukikaa kutafakari? Anza hapa

Mdogo wangu wa Igoma, hapa Mwanza, nimekuelewa: umeanza kujifunza sihiri, lakini ukifumba macho tu mawazo yanakimbilia kodi na marejesho ya mkopo. Ni kawaida hiyo. Usiyafukuze. Kwanza yatazame yakipita kwa dakika 5, kama daladala zisizo zako pale Buzuruga. Ukizoea, shika wazo moja tu. Kuinyamazisha akili kabisa kuje mwisho. Mishumaa na miito (kuita roho) iache kwanza. Mimi hukaa alfajiri kwenye mawe ya Capri Point, mgongo wima, macho kwenye maji (usilale chali, utakoroma). Anayekudai hela ili "akufungue", mkimbie. Na ukianza kukosa usingizi au kusikia sauti, acha zoezi mara moja, nenda hospitali ya Bugando umwone daktari wa afya ya akili.