Jibu: seva ya FreeBSD (mfumo endeshi) inabadili anwani ya IP kila ikiwashwa
Mkuu, anwani inabadilika kwa sababu /etc/rc.conf (faili la mipangilio ya mfumo) bado inaomba anwani kwa DHCP, yaani ruta ndiyo inayoigawa. Weka anwani isiyobadilika kwa sysrc (amri ya kubadili faili hilo), usilihariri kwa mkono. Alama moja ya nukuu ikisahaulika humo, seva inaweza kugoma kuwaka vizuri.

sysrc ifconfig_em0="inet 192.168.1.10 netmask 255.255.255.0"
sysrc defaultrouter="192.168.1.1"

Badala ya em0 weka jina la kadi yako ya mtandao, na namba zifuate mtandao wako. Chagua anwani ambayo ruta haigawi, la sivyo itagongana na ya kifaa kingine. Kisha, kwa mstari mmoja:

service netif restart && service routing restart

Ukiishia netif (huduma ya kadi za mtandao) tu, ruti ya kutokea nje inapotea, na kama umeingia kwa SSH (kwa mbali) kutoka mtandao mwingine, umejifungia nje. Amri ping 1.1.1.1 (kupima kama unafika intaneti) ikijibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, kagua nameserver (seva inayogeuza majina kuwa anwani) ndani ya /etc/resolv.conf.