Oveni ya keki inanitekenya vidole

SWALI: Ndugu fundi, mimi ni mama ninayeoka keki na mikate ya kuuza nyumbani kwangu Tabata. Nilinunua oveni ya umeme ya mtumba, ambayo kibao chake cha nyuma kinaonyesha wati 5,500 na volti 230. Fundi wa mtaani aliifunga kwa plagi ya kawaida ya pini tatu. Siku ya tatu plagi ikanuka na kuwa nyeusi, akaikata na kuziunganisha nyaya moja kwa moja nyuma ya soketi. Sasa inaoka vizuri, lakini nikigusa mlango wake nikiwa peku, hasa nikiwa nimetoka kupiga deki, vidole vinatekenywa. Fundi anasema hiyo ni shoti ndogo, nivae ndala. Je, niendelee kuitumia?

JIBU: Usiendelee, mama. Zima breka ya soketi hiyo leo, na oda zilizobaki uziokee kwa jirani. Ndala haziondoi umeme kwenye oveni. Zinauzuia tu usipite mwilini mwako kwenda sakafuni, na siku utakapoegemea sinki la chuma huku umeshika mlango huo, au mtoto akaugusa akiwa peku, ndala zako hazitakuwa na la kusaidia.

Suala la plagi ni hesabu nyepesi. Gawa wati 5,500 kwa volti 230, utapata takribani ampea 24, ilhali plagi na soketi zetu za pini tatu zimetengenezwa kubeba ampea 13, yaani kiasi cha wati 3,000 tu. Kuikata plagi hakukuponya chochote, kwa kuwa waya ulio ndani ya ukuta ni ule ule wa soketi, ambao kwa kawaida ni wa milimita 2.5 za mraba. Joto uliloliona kwenye plagi limehamia mahali usipoliona. Oveni ya ukubwa huo ipewe laini yake peke yake kutoka kwenye mein swichi: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na swichi yake ukutani, mahali utakapoifikia bila kupitisha mkono juu ya moto.

Sasa hilo la kutekenywa. Ndani ya koili za oveni, waya unaopata moto umezungukwa na unga mweupe wa magnesia ndani ya bomba jembamba la chuma. Unga huo hunyonya unyevu, na oveni iliyokaa stoo muda mrefu katika hewa yetu ya pwani huweza kuvuja umeme hadi kwenye bati lake, hata kama koili haijakatika. Fundi apime kila koili kwa mita ya insulesheni, si kwa testa ya bisibisi. Iliyolowa ikaushwe, iliyoharibika ibadilishwe. Hata hivyo, umeme huo uliovuja ulipaswa kushuka ardhini kupitia waya wa ethi, ule wa kijani wenye mistari ya njano. Kama umepata njia ya vidole vyako, basi ama waya huo haukufungwa, ama umefungwa na haufiki popote.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, wakidhani kwamba rodi ya shaba inayofungwa kwenye waya wa ethi ikishachimbiwa uani kazi imekwisha. Mchanga wetu hukauka wakati wa kiangazi, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme rodi yako ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 20. Waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ukigusa bati la oveni, umeme utakaoshuka ardhini hautazidi ampea 11.5, na breka ya ampea 32 itauona kuwa ni matumizi ya kawaida, kwa hiyo haitakata, huku bati likibaki na umeme wa kuua. Chumvi na mkaa vinavyotiwa shimoni husaidia kwa muda tu, tena chumvi huila rodi yenyewe.

Kwa sababu hiyo laini ya oveni ni lazima iwe na RCD ya miliampea 30, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipungua kidogo tu hukata papo hapo. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara, na isipokata, ibadilishwe. Ikikata kila unapowasha oveni, fundi asiiruke, maana inakuambia kwamba koili bado zinavuja.

Niliwahi kufungua soketi Kinondoni nikakuta kipande cha waya kimeunganisha ethi na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, ili testa isiwake. Nyutro ikikatika, bati zima linakuwa na volti 230. Fundi wako akipendekeza njia hiyo, mlipe nauli yake aende, umtafute mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajapanda ngazi.

SWALI: Nyumbani kwetu Kigamboni waya wa ethi umefungwa kwenye bomba la maji. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na palipobaki kipande cha chuma, huenda umeme ukaishia kwenye koki ya bafuni. Chimbieni rodi, ipimwe kwa mita ya ethi, kisha waya huo uondolewe kwenye bomba.