Muulize Fundi: Trima ipi niifunge kwenye CNC yangu?

SWALI: Shikamoo, Fundi. Nimejiundia CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, hapa Morogoro: fremu ya alumini, mota ndogo za hatua za NEMA 17 zinazozungusha skrubu, na bodi ya Arduino Uno yenye GRBL, programu inayoziongoza mota hizo. Sehemu ya kukatia ni sentimita 50 kwa 50. Nimeijaribu kwa kalamu, inachora vizuri. Sasa nataka kuchonga vibao vya majina na maua ya milango, kwa MDF (mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi) na mninga. Nimepata trima tatu, zile mashine ndogo za mkononi zinazozungusha biti ya kukatia. Makita 3709 ya wati 530 ndiyo ya bei ya chini. DeWalt DWP611 nitapewa bure na binamu yangu aliyeko Marekani. Makita RT0700C ya wati 710 itamaliza karibu pesa yote niliyoweka. Nichukue ipi?
Msomaji, Kihonda

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Wengi hununua mota ya kukatia kwanza, kisha wanahangaika na fremu isiyonyooka. Wewe umeanza panapostahili.

Chukua RT0700C. Kama pesa haijatimia, subiri itimie. Wala si kwa ajili ya wati. Nakupeleka kwenye kile kigurudumu chake cha kuchagua kasi: namba 1 ni mizunguko 10,000 kwa dakika, namba 6 ni 30,000. Ile 3709 inajua kasi moja tu, 30,000. Ukiishika mkononi kulainisha kingo za meza, hiyo ni sawa kabisa. Kwenye CNC ndogo ni balaa, na hesabu yake ni hii.

Kasi ya kusogeza biti ni mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya biti, mara unene wa mbao unaokatwa na kila jino. Tuseme biti ni ya mm 6, ina meno mawili, na unataka kila jino likate mm 0.05. Kwa mizunguko 10,000 unapata mm 1,000 kwa dakika, mwendo ambao NEMA 17 zako zitaumudu bila kuruka hatua, yaani bila kupoteza mahali zilipofika, mradi usishuke zaidi ya milimita moja hivi kila biti inapopita. Kwa mizunguko 30,000 hesabu ileile inadai mm 3,000 kwa dakika. Mashine yako haifiki huko. Utabaki kwenye 1,000, na kila jino litakuwa linakwangua chini ya mm 0.02. Hapo halikati tena, linasugua. Mninga unatoa moshi, kingo za maua zinakuwa nyeusi, na biti nzuri inakufa kabla kibao hakijaisha. Ukiona unga laini badala ya vichipsi, ujue ndiyo yaliyokupata.

Kuna watakaokushauri ufunge dima, kile kifaa cha kupunguza umeme, kwenye 3709. Kasi itapungua, ndiyo, lakini na nguvu itapungua nayo, na biti ikizama kwenye fundo la mbao mota itazidi kulegea. RT0700C ina saketi inayoshikilia kasi uliyochagua hata mzigo ukiongezeka.

DeWalt ya binamu ni chombo kizuri, na kasi yake inarekebishika kuanzia 16,000 hadi 27,000. Shida ni kwamba DWP611 ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Itabidi ununue transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kutosha, na hapo "bure" imekwisha. Tena mwili wake ni mm 69 wakati RT0700C ni mm 65, kwa hiyo vishikizo vya kuzifunga kwenye mashine haviingiliani. Koleti yake, ile sehemu inayobana shina la biti, nayo ni ya robo inchi, yaani mm 6.35. Biti ya mm 6 usiithubutu humo: haibanwi sawasawa, na biti inayochomoka kwenye kasi hiyo inaruka kama risasi.

Madukani utakuta pia nakala za RT0700C, mwili uleule wa mm 65, kwa bei nafuu. Sizikatai, kwa sababu baadhi zinafanya kazi vizuri. Ila usinunue kwa picha. Nenda nayo ukaikague. Umeme ukiwa umechomolewa, funga biti iliyonyooka, uweke ukingo wa rula karibu kabisa na shina lake, kisha zungusha shafti taratibu kwa mkono. Ule mwanga mwembamba kati ya rula na biti ukipanuka na kufinyika, koleti au shafti haijakaa sawa. Iache hapo hapo kaunta. Halafu shika shafti uivute chini na kuisukuma juu. Isicheze hata kidogo. CNC hushusha biti wima mara nyingi sana, na mchezo huo utauona kwenye sakafu ya mchongo, imejaa ngazi. Mwisho isome koleti: mm 6 au 6.35? Nunua biti zinazolingana nayo.

Siku hiyohiyo nunua na jozi ya kaboni za akiba, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Trima imetengenezwa kwa kazi ya dakika chache mkononi, nawe utaiwasha saa nzima au zaidi, kaboni zitaisha mapema. Funga na mpira wa kufyonza vumbi, hasa kwa MDF. Vumbi lake lina gundi, usilivute bila barakoa.

Jambo moja hukuuliza, lakini silipiti. Kitufe cha kusimamisha kwenye GRBL kinasimamisha mota za kusogeza tu. Trima itaendelea kuzunguka palepale. Weka swichi kubwa ya dharura inayokata umeme wa trima na wa mashine kwa pamoja, uifunge upande wa mbele, mkono wako uifikie bila kupita juu ya biti. Na waya wa trima upitishe mbali na nyaya za USB na za swichi za mwisho, zile zinazoijulisha mashine imefika ukingoni, maana cheche za kaboni huleta kelele za umeme zinazoweza kuisimamisha Arduino katikati ya kazi.